Redio ya Mti

Mwanabaraka binti Taib hakuweza kuvumilia kumuona mtu akihangaika. Mtu akikaa naye ukumbini kushona, uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano, basi kabla hajaulamba mara ya pili sindano ilikuwa ishamtoka mkononi, ishatungwa, ishamrudia. Mwenyewe hakuwa akijionyesha. Mamake alikuwa akisema ndivyo alivyozaliwa, na watu wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, walimzoea hivyo tangu ujana wake, alipokuwa akiwapokea majirani ndoo za maji njiani, hadi mwaka huo wa tisini na tano, alipokuwa mwanamke wa makamo, mama wa mtoto mmoja wa kiume, Zein, aliyekuwa akifanya kazi Maskati.

Mumewe alikuwa Maalim Khubaib. Maalim alisomesha chuo cha Kurani kwenye chumba cha chini cha nyumba yao, na sauti yake ilijulikana Mji wa Kale mzima. Hapakuwa na maulidi ya maana ambayo hakuitwa. Kwa Mwanabaraka, kumtunza mtu huyo ilikuwa ibada na raha kwa pamoja. Kanzu ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa kabla Maalim hajaoga. Makubadhi yake ya ngozi yalielekezwa mlangoni, vidole kwa nje. Chai ilimiminwa, na kikombe kikawekwa upande wa kulia, karibu na goti. Maalim alikuwa akinyoosha mkono tu na kukikuta alichokitaka.

Asubuhi, watoto wa chuo wakishaanza kusoma, Mwanabaraka alikuwa akivaa buibui lake na kwenda Bondeni, ambako aliwafunza wasichana ushonaji kwenye chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Hapo ndipo Eddah Mung'aro alipomkuta.

Eddah alikuwa msichana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, mrefu, mpole wa maneno. Alikuwa amesomea uinjinia wa umeme na kuajiriwa na kampuni moja ndogo ya kuunganisha redio huko Mbaraki, kwenye bohari la zamani karibu na gati. Siku hiyo alipanda ngazi na kikapu cha ukili mkononi.

"Subalkheri, Mama."

"Allah bilkheri, mwanangu. Karibu. Wataka kushonewa?"

"La, Mama. Nataka unishikie hii, kisha uniwashie."

Akatoa kikapuni redio ya kaseti, nyeusi, yenye safu ya vibonyezo mbele na kidirisha cha saa juu. Mwanabaraka akafuta vumbi la chaki mikononi, akaipokea, akatafuta, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kingine. Kimya.

"Imekwisha mawe," akasema, akitafuta kifuniko cha betri.

"Haina mawe, Mama. Haina kitu ndani. Ni mti mtupu umepakwa rangi."

Wasichana waliangua kicheko, na Mwanabaraka naye akacheka, akaigonga kwa ukucha. Kweli, ilikuwa mti. Eddah akaeleza. Redio yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa. Kiwandani kwao, kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ikishakatwa hapakuwa na kurudi nyuma, na kosa likiwamo litatokea kwenye kila redio itakayotoka. Mti ulikuwa hauna neno. Fundi wao Chirau angechonga leo, na kama haikufaa, angechonga tena wiki ijayo. Kwa hiyo walitaka watu waishike wakati huu ikiwa bado mti, waone wanakwama wapi.

"Tulianza Kizingo," Eddah akasema, "kwa matajiri, marafiki wa mkurugenzi. Kila mmoja alisema nzuri sana. Nikaja Mji wa Kale, nikakaribishwa, nikapewa kahawa na halua, na wote wakaniambia mashallah, nzuri. Watu wa hapa wana adabu, Mama. Nikiwauliza, wananisifia. Lakini nikitazama vidole vyao naona vinapotea. Nahitaji mtu wanayemjua, ambaye mbele yake hawatajikaza."

Mwanabaraka aliirudisha redio kikapuni. Alisema atauliza nyumbani. Maalim Khubaib alipoambiwa alicheka hadi akashika mbavu.

"Redio ya mti? Basi habari zake zitakuwa za mchwa." Kisha akasema, "Nenda. Ni kazi ya halali, na wewe wapenda kuingia nyumba za watu."

Jaribio la kwanza lilifanyika kwa Bi Aida, jirani wa nyumba ya tatu. Ili redio ya mti isikike kama redio, Chirau alikaa nyuma ya pazia na redio ya kweli mapajani. Bi Aida akibonyeza cha kuwashia, Eddah aliyekuwa ameketi karibu na pazia angegonga sakafu kwa kisigino, na Chirau angewasha. Akibonyeza cha kupandisha sauti, Eddah angegonga kwa namna nyingine, na Chirau angepandisha. Saa nayo ilikuwa kipande cha karatasi chenye tarakimu, ambacho Eddah alikuwa akikibadilisha kwenye kidirisha kwa kidole.

Bi Aida aliambiwa aiweke redio imuamshe wakati wa daku. Akaishika kwa heshima, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Akabonyeza, na pazia likatoa taarabu. Akabonyeza pengine, taarabu ikapanda hadi paka akatoka mbio. Ndipo Chirau, ambaye vumbi la mbao halikumtoka puani, akapiga chafya.

"Redio yenu ina mafua," Bi Aida akasema, na wote wakacheka.

Lakini alipoendelea kicheko kilimtoka. Vidole vilikwenda huku na huku kwenye safu ile ya vibonyezo vilivyofanana vyote. Alianza kutabasamu kwa haya, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Mwanabaraka alivumilia kidogo, kisha hakujua mkono wake ulitoka vipi.

"Hicho cha kulia, dadangu. Kibonye hicho na ukishike."

Kazi ikaisha mara moja. Bi Aida akashukuru na kuleta mahamri. Walipotoka kichochoroni, Eddah alitembea hatua chache kabla ya kusema.

"Mama, ulimsaidia."

"Sasa nimuache ataabike mbele yangu?"

"Ndiyo."

"Roho gani hiyo, mwanangu?"

Eddah akasimama kwenye kivuli cha ukuta. "Redio ikishauzwa, wewe hutakuwa nyumbani kwake. Atabaki yeye na vibonyezo vyake. Ukimuonyesha leo, tutakachojua ni kwamba wewe waijua redio. Yeye hatutajua lolote kumhusu."

Maneno hayo Mwanabaraka aliyachukua hadi nyumbani na hakuyapenda. Aliona kuna ukali ndani yake. Lakini alikuwa mtu wa haki, na alipoyageuza kwa upande huu na ule hakuona pa kuyatoa kosa. Jaribio lililofuata aliitia mikono chini ya leso, akafumbata vidole kwa vidole, akakaa kama aliyefungwa kamba.

Ilimchukua muda kuzoea, na alipozoea alianza kuona mambo ambayo miaka yote yalikuwa yakimpita. Aliona kwamba mtu aliyekwama hanyamazi tu. Kuna pumzi anayoivuta kabla ya kujaribu tena, na kuna namna ya kulitazama dari. Aliona kwamba wengi, wakiachwa, hufika. Hufika kwa njia yao, ya mzunguko, lakini hufika, na wakifika uso hung'aa kwa namna ambayo hakuwahi kuiona kwa wale aliowatungia sindano. Na aliona kwamba wasiofika hawakuilaumu redio hata siku moja. Walijilaumu wenyewe. "Mimi na mitambo hatusikizani." "Mimi sikusoma." "Mpe mwanangu, yeye ana akili." Watu wazima, wanawake waliolea ukoo mzima, walikuwa wakijiita wajinga mbele ya gogo lililopakwa rangi. Hilo lilimuuma kuliko yote. Kazi ikisha, alipopata ruhusa ya kusema, alikuwa akiwaambia, "Si wewe. Ni redio. Ndiyo maana bado ni mti."

Na mti ulibadilika kweli. Chirau aliupunguza huku na kuongeza kule. Vibonyezo viwili vilivyokuwa vikichanganywa akavitenga. Kikapu kilirudi Mbaraki na kutoka tena, na Mwanabaraka alianza kuitambua kila redio mpya kama mtu anavyotambua watoto wa mama mmoja.

Wakati wa kaskazi ulipoanza, Eddah akasema sasa wanataka wanaume wa makamo, wanaosikiliza habari na mawaidha.

"Nitamuuliza Maalim," Mwanabaraka akasema. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alijua Maalim atafurahi, atafanya mzaha, na atamaliza upesi kuliko watu wote.

Walifanya siku ya Alhamisi baada ya sala ya alasiri, watoto wa chuo wakiwa wamekwenda zao. Maalim aliingia kutoka msikitini, akawasalimia, akaketi kwenye busati mahali pake pa siku zote. Chirau alikuwa ameshajificha nyuma ya pazia la chumbani. Eddah akamuwekea redio mbele yake.

Maalim hakuinama kuitazama. Aliipapasa kwa viganja viwili, polepole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Kazi safi," akasema. "Fundi ni nani?"

"Ni Chirau, Maalim," Eddah akajibu.

"Mwambie mkono wake umebarikiwa. Haya, nifanye nini?"

"Tuwashie, kisha ututafutie stesheni nyingine."

Kuwasha hakukumshinda. Pazia likaanza kusoma bei za mahindi, na Maalim akacheka. Lakini stesheni ilimchukua muda. Kidole kilipita juu ya vibonyezo, kikarudi mwanzo, kikahesabu, kikabonyeza, na sauti ikapanda badala ya stesheni kubadilika. Akarudi mwanzo, akahesabu tena. Akaiinua redio, akaigeuzia dirishani, akaiweka ubavuni mwa uso wake, karibu na sikio, kama anayeisikiliza.

"Vitu vya siku hizi," akasema, "vimefanywa vya vidole vya watoto."

Mwanabaraka alikuwa amekaa na mikono yake chini ya leso. Hakuwa ameshtuka bado. Alikuwa ameona wengi wakihesabu vibonyezo. Lakini namna ile ya kuuweka uso upande ilimkaa rohoni kwa namna asiyoielewa.

Eddah alibadilisha karatasi kwenye kidirisha. Ilikuwa na tarakimu kubwa nyeusi, saba, nne, tano, zilizoonekana hata pale Mwanabaraka alipokaa.

"Maalim, tafadhali tusomee, saa yako inasema saa ngapi?"

Maalim akakigeuzia kidirisha uso. Akatega sikio. Nje, muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake, kama kila siku akipita baada ya alasiri.

"Saa kumi na robo," Maalim akasema.

Na kweli, wakati huo ilikuwa saa kumi na robo. Lakini karatasi ilisema saa mbili kasoro robo.

Eddah hakuinua uso. Mbele ya Mwanabaraka, kwa mara moja vitu vingi vikaja vikajipanga. Gazeti ambalo Maalim alikuwa akiletewa, na ambalo siku hizi alisema lina uongo mtupu, asomewe vichwa tu. Maulidi ya usiku aliyoanza kuyakataa, akisema kifua kinambana. Watoto chuoni, ambao zamani aliwafuata kwa kidole kwenye msahafu, na ambao sasa aliwasikiliza akiwa amefumba macho, akiwarekebisha kwa hifadhi yake ya moyoni. Watu walisema ni uchaji. Hata yeye alisema ni uchaji. Na kikombe kile cha chai kando ya goti, kila siku mahali pamoja. Ni yeye aliyekuwa akikiweka. Ni yeye aliyeifanya nyumba nzima iwe mahali ambapo mtu hahitaji macho.

Ulimi wake ulitaka kutoka. Neno moja lilitosha. Angesema, "Maalim, siyo saa ya ukutani, ni ya redioni," wangecheka, na jambo lingefunikwa. Alifumbata vidole hadi vikauma. Akanyamaza.

"Ahsante, Maalim," Eddah akasema mwishoni, kwa sauti ya kawaida. "Umetusaidia sana." Akakusanya vitu vyake, na walipokuwa mlangoni akamshika Mwanabaraka mkono. Chirau alitoka kwa ngazi za nyuma.

Jioni ile Mwanabaraka hakujua aanze wapi. Alimpa Maalim chakula, wakala, wakazungumza habari ya barua ya Zein. Alimtazama usoni wakati wote, na macho ya Maalim yalikuwa yaleyale ya miaka yote, meusi, mazuri, yakimtazama, au yakitazama mahali sauti yake ilipotoka. Alijiambia huenda amekosea. Huenda ilikuwa mzaha.

Basi asubuhi akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia. Maalim alipokuwa akijitayarisha kutoka, Mwanabaraka hakuyaelekeza makubadhi. Aliyaacha yalipokuwa, karibu na mtungi, yanaonekana waziwazi. Akasimama kando ya nguzo, mikono ndani ya leso, akatazama.

Maalim alifika mlangoni, akatia mguu mahali makubadhi yalipokuwa siku zote. Mguu ukagusa sakafu tupu. Akapapasa kwa kidole cha mguu kulia, kisha kushoto. Akainama, akapitisha kiganja sakafuni. Akasita. Kisha akainuka taratibu, bila kugeuka.

"Mwanabaraka."

"Labeka."

"Uko hapo?"

"Niko."

"Umesimama muda gani?"

Mwanabaraka akaitoa mikono kwenye leso.

"Leo na mimi umenifanya redio," Maalim akasema. Sauti haikupanda. Ingepanda ingekuwa afadhali. "Mgeni wako aliniomba, nikakubali. Nilijua natazamwa. Wewe hukuniomba. Mimi si mti wa Chirau, Mwanabaraka, wa kugeuzwageuzwa aonekane amepasuka wapi."

Mwanabaraka aliyaokota makubadhi, akaketi chini kwenye kizingiti, akayapakata. Machozi yakamtoka.

"Nisamehe," akasema. "Wallahi nisamehe. Nilitaka kujua, sikujua niulize vipi."

Maalim naye akaketi, polepole, mkono ukiufuata ukuta. Walikaa hivyo mlangoni, kizingiti kimoja, watu wakipita kichochoroni na kusalimu, naye akiitikia salamu.

"Hili jicho la kushoto halioni kitu," akasema baadaye. "La kulia laona ukungu wa pembeni tu, kama mtu anayechungulia kwenye ufa. Lilianza kabla ya Ramadhani iliyopita."

"Na hukuniambia."

"Sikukwambia."

"Kwa nini, Maalim? Mimi ni nani kwako?"

"Ndiyo maana," akasema. "Wewe ni wewe. Nikikwambia sioni, kesho utanilisha kwa mkono. Utanishika ukinipeleka msikitini kama mtoto anayepelekwa kutahiriwa. Nakujua. Una mapenzi mengi, na mapenzi yako hayangoji. Nilisema, wacha nibaki mtu mzima siku chache zaidi." Kisha akaongeza, "Na nilikichelea chuo. Nani atamleta mtoto kwa maalim asiyeona herufi?"

Mwanabaraka hakuwahi kuambiwa neno kama hilo. Lilimchoma, na uchungu wake ulikuwa kwamba lilikuwa kweli. Maisha yake yote alihesabu kuwa anatoa. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuuogopa mkono wake.

Alitaka kuinuka amvishe makubadhi. Aliyaweka chini mbele yake badala yake, na kusema, "Yako hapa, mbele ya mguu wa kulia. Na kesho twende kwa daktari. Utakwenda na mimi, ama utakwenda na Taib mtoto wa ndugu yangu?"

Maalim alifikiri. "Nitakwenda na wewe," akasema. "Lakini nitazungumza mwenyewe."

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kingeweza kuhifadhiwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kukosa, maisha yote. Maalim aliuliza maswali yake mwenyewe, na Mwanabaraka aliketi kando, mdomo umefungwa, hata pale Maalim aliposahau kutaja maumivu ya kichwa. Aliyataja mwenyewe walipokuwa wakiaga.

Ijumaa iliyofuata Maalim aliwaita wazazi wa chuo na kuwaambia ukweli. Wako waliowaondoa watoto wao, kimyakimya, kwa visingizio vya adabu, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Wengi walibaki. Kijana mmoja aliyehitimu kwake aliletwa awafundishe wadogo kuandika herufi, na Maalim akaendelea na kusikiliza na hifadhi, jambo ambalo hakuna aliyemshinda.

Eddah hakuja kwa muda. Aliona haya, akihisi ameingia nyumba ya watu na kuvunja kitu. Alipokuja, alikuja bila kikapu, akaketi ukumbini, akaomba radhi.

"Hukukosa," Maalim akamwambia. "Ulinionyesha adabu, ulinyamaza. Sasa niambie, mmefanya nini kwa lile jaribio langu?"

"Tumeliacha, Maalim. Nilisema siwezi kulitumia bila idhini yako."

"Lichukue. Mimi si peke yangu Mombasa hii. Iko mizee chungu nzima inayosema gazeti lina uongo."

Ndipo Maalim alipotaka kuonana na Chirau. Chirau, ambaye hadi siku hiyo alikuwa ameijua nyumba ile kutoka nyuma ya pazia tu, alikuja na visu vyake na vipande vya mti, akaketishwa ukumbini akapewa chai. Walikaa jioni kadhaa. Maalim hakujua lolote la uinjinia, na mara nyingi alichokitaka hakikuwezekana, na Eddah alimwambia hivyo. Aliomba saa ya kusema kwa sauti. Haikuwezekana, ingeifanya redio iwe ghali. Aliomba vibonyezo viwe vikubwa kama pipi za nazi, na vilipochongwa akaviona vibaya yeye mwenyewe, akacheka. Lakini cha stesheni kilirudishwa kuwa cha kuzungusha, kama cha redio za zamani, chenye meno madogo yanayohisika kwa kidole. Cha kuwashia kikawa mviringo na vingine vikawa virefu, na cha kuamshia kikatiwa kinundu. Mwanabaraka alikuwa akipita na sinia ya chai, akimuona mumewe ameinamisha kichwa, vidole vikienda na kurudi juu ya mti, akikosa, akijaribu tena. Hakusimama kutazama. Aliiweka sinia na kwenda zake.

Wakurugenzi wa Mbaraki walikubali baadhi na kukataa baadhi. Redio ilitoka mwaka uliofuata, ya plastiki nyeusi, na kwa muda iliuzwa vizuri, hata Kizingo. Hakuna aliyesema ni redio ya wasioona. Watu walisema tu kwamba inashikika gizani stima ikipotea. Kisha zikaja redio za rahisi kutoka Dubai, maboksi kwa maboksi, na kabla ya mwaka wa tisini na tisa bohari lile likafungwa. Chirau alirudi kwenye milango na vitanda. Eddah alipata kazi Nairobi, na kila Idi, ingawa yeye ni Mkristo, alikuwa akipiga simu kwenye duka la jirani aitiwe Mwanabaraka, ambaye bado alimwita Mama.

Mwanabaraka na Maalim hawakupata njia iliyonyooka. Ziko siku Mwanabaraka alisahau, akamkatia nyama sahanini, na Maalim akaisukuma sahani. Ziko siku Maalim alijifanya mzima, akajikwaa ngazini, akarudi na goti limechubuka na hasira za kumgombeza paka. Funzo lao kubwa lilikuwa swali dogo ambalo Mwanabaraka alilizoea polepole: "Nikusaidie, au nikuache?" Mwanzo aliliona swali la aibu, la mke asiyejua wajibu wake. Maalim alikuwa akilijibu kila mara, na jibu halikuwa moja.

Asubuhi alikuwa akitoka peke yake kwenda msikitini, kiganja cha kushoto kikigusa kuta alizozijua tangu utotoni. Mwanabaraka alibaki ndani. Hakuchungulia dirishani. Alichokisikia ni sauti za kichochoro tu, kwani bila mtu yeyote kuwaambia, majirani walikuwa wameanza kusalimia kwa namna mpya.

"Salaam aleikum, Maalim. Mimi Taib."

"Waaleikum salaam, Taib. Mtoto amepona?"

"Amepona, alhamdulillahi."

Mbele kidogo sauti nyingine, ya muuza maji aliyehamia juzi tu, ikawa inasema jina lake pia kwa kuona wenziwe wanavyofanya, bila kujua ni kwa nini, na Maalim akimuitikia kwa jina hilo, akimuuliza kwao ni wapi.